Karatasi ya Mlango wa Pili

Katika mji wa Lom, ukingoni mwa Danubi,
misiba hutangazwa mlangoni:
karatasi moja, picha ndogo, jina, umri,
utepe wa gundi pembe nne.
Hakuna "Hutaamini!"
Hakuna "Tazama kabla haijafutwa!"
Mtu amekufa. Basi.

Zdravka, mshonaji mstaafu wa kiwanda cha sare,
huamka kidole kwanza.
Kabla hajavaa miwani, kidole kimeshateleza kiooni:
waziri kaachana na mke wa tatu,
nyangumi kakwama pwani asiyoijua,
daktari mmoja anachukiwa na madaktari wote
kwa sababu ya kitunguu.
Dharura! Punde hivi!
Kila kitu ni punde hivi, tangu mwaka juzi.

Shemeji yake Rusi, ghorofa ya nne,
ana televisheni moja na stesheni moja;
ikisema kunanyesha, hufungua mwavuli sebuleni.
Mwanawe Lachezar, mpakia mizigo huko Dortmund,
humtumia video za upande wa pili:
"Mama, hao wanakudanganya. Wasikilize hawa."
Naye huwasikiliza wote,
kama mtu aliyekaa katikati ya redio mbili
akijaribu kusikia iwapo chai imechemka.

Zamani tuliambiwa lisemwalo lipo.
Siku hizi lisemwalo limelipiwa.

Jumanne moja ya mvua simu ikamzimikia ngazini.
Macho yakakosa pa kukaa,
yakapanda ukutani, yakafika mlango wa pili.
Karatasi imevimba maji, wino umetiririka hadi kidevuni:
*Siku arobaini bila Metodi.*

Arobaini.
Metodi fundi wa lifti,
aliyegonga bomba mara mbili
kumjulisha kwamba maji yamerudi.
Bomba lilinyamaza lini?
Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma, akafika:
ilikuwa siku ya tatu ya nyangumi.
Alimlilia nyangumi yule.
Na karatasi ya kwanza ilikuwa papa hapa,
akipita chini yake kila asubuhi na mkate,
shingo imeinama kama ya mcha Mungu.

Akachemsha ngano, akatia sukari, akabisha hodi.
Binti Metodi akafungua nusu mlango.
"Nilidhani hukuja kwa sababu ya kura," akasema.
"Baba alitazama ile stesheni nyingine."

Bakuli likawa zito mikononi.
Zdravka alitafuta neno, akapata
"Imepoa kidogo,"
wakala wamesimama, kijiko kimoja.

Sasa Rusi akimkuta ngazini na "Umesikia?"
yeye humuuliza: Imetokea wapi? Nani ameiona?
Inanitaka nifanye nini?
Mawili ya kwanza Rusi huyajibu kwa mate mengi.
La tatu humfanya atafute funguo zake.

Alasiri huwasha redio, husubiri kina cha mto:
*Lom, sentimita mia nne na kumi, maji yamepanda tatu.*
Sauti haipandi pamoja na maji.
Huenda akahamisha magunia ya viazi, huenda asihamishe,
lakini hii ni habari: ina futi, ina ukingo,
ina ghala lake la chini ndani yake.

Angependa mizani yake itoshe.
Lakini jana usiku, kati ya kitunguu na waziri,
ilipita shule isiyo na paa,
nchi nyingine, ng'ambo ya mto na ya nchi,
na mwalimu akiokota viatu vidogo, akivipanga viwili viwili.
Wapi: imeandikwa. Nani kaiona: yule mwalimu.
Inanitaka nifanye nini?

Kidole kilikuwa tayari hewani.
Zdravka akakikunja pamoja na vingine,
akavaa miwani,
akaanza kuhesabu viatu.